Siku yangu na nondo mwenye dirisha kwenye bawa

Saa 11:30 alfajiri. Beseni nililoliacha chini ya taa kando ya shamba limejaa kumbikumbi, mbawakawa na nondo wa kila aina. Mmoja namnyanyua kwa ncha ya unyasi. Mabawa yakitandazwa hayafiki hata inchi moja na robo. Ya mbele ni ya kahawia, na juu yake kuna madoa meupe yanayopitisha mwanga kama kidirisha. Ya nyuma yanang'aa kama lulu, ukingo wake kahawia. Ndiye yeye, Maruca vitrata, mama wa kiwavi anayetoboa maganda ya kunde. Jina vitrata alipewa na Fabricius mwaka 1787, nalo asili yake ni neno la Kilatini la kioo. Sijaona mdudu aliyepewa jina likamkaa hivi.

Saa 1 asubuhi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wameshafika?"

"Wamefika."

Ua la kunde hufunguka asubuhi na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo maafisa ugani tuliozoea kuchelewa hatuoni kitu. Tunafunua moja moja. Kwenye la sita, petali zimeshikamana kwa utando, na ndani yamo yale ninayoyaogopa: kiwavi mweupe mwenye madoa meusi yaliyojipanga mawili mawili mgongoni. Bado yuko ndani ya ua. Akishaingia ndani ya ganda, dawa haimpati tena. Mwaka jana bibi alivuna matundu matupu, na mimi nilifika kwake baada ya maganda kukomaa. Bado inaniuma.

Saa 4. Jirani amekuja na bomba mgongoni, na kwenye kiganja ana nondo wa kijivu aliyemuua. Tunamwinua kwenye jua. Hakuna dirisha. Namwomba asubiri jioni, maana nyuki wamejaa mauani.

Saa 7. Ugali na mlenda, kivulini.

Saa 11 jioni. Nyuki wameondoka. Bibi anachuja mbegu za mwarobaini alizozitwanga na kuziloweka tangu jana, nami napuliza nikilenga maua na vitumba.

Saa 2 usiku. Tumetundika shuka jeupe nyuma ya taa. Nondo mmoja anatua na kutandaza mabawa wazi. Bibi anasogea karibu, anamkodolea macho.

"Huyu ana dirisha," anasema.