Makasia mawili kutoka ubao mmoja

Mashua ninayoivuta ina sentimita 120 kutoka kishwara hadi kishwara, yaani vile vishikio vya kasia kila ubavu. Nusu yake ni 60. Nikaongeza 5 ili mipini ipishane kidogo kifuani. Hizo 65 ndizo urefu wa kasia upande wa ndani. Zidisha kwa 25, gawa kwa 7, upate urefu wa kasia zima: sentimita 232.

Ubao mmoja wa mpaini wa inchi 2 kwa 6, futi 8, usiopigwa randa, unatosha jozi nzima. Kuuchagua ndiko kunakonichukua muda. Nyuzi zinyooke toka ncha hadi ncha, maana zikienda mshazari na kutokea ubavuni kasia litakatikia hapo, hasa shingoni, mti (ule mwili mrefu wa kasia) unapokutana na bapa (sehemu pana ya kupigia maji). Nikiona jicho la mbao karibu na shingo, naurudisha. Na uwe mkavu. Mbao mbichi hupinda ukishaichonga.

Nauchana miti miwili ya milimita 50. Ukanda unaobaki, kama milimita 44, nakata vipande viwili vya sentimita 60, kisha kila kimoja nakipasua unene wake: mashavu manne ya kupanulia bapa. Kila mti unapata mawili, moja kila ubavu, na bapa linafika sentimita 13. Nabandika kwa gundi ya epoksi. Gundi nyeupe ya samani huachia majini. Klampu zisikazwe mno, gundi itakamuliwa yote na kiungo kibaki kikavu.

Baada ya hapo mti naurandia mraba wa milimita 45, ukipungua hadi 35 shingoni. Kila uso nachora mistari miwili, milimita 13 kutoka ukingoni, 10 kule shingoni, na kuondoa pembe hadi kwenye mistari. Zinatoka pande 8 sawasawa. Halafu 16, halafu msasa. Ukikimbilia mviringo moja kwa moja, kasia litakuwa na matumbo.

Upande wa ndani naachia pande 8, uzito wake unasaidia kubeba bapa. Bapa lenyewe nalichonga libaki na mgongo katikati, kingo milimita 6. Likiwa jembamba zaidi hupasuka kwenye mwamba.

Vanishi kote, isipokuwa mpini, kwani vanishi hutoa malengelenge mikononi. Huko napaka mafuta ya kitani tu. Penye kishwara nazungushia ngozi iliyoloweshwa, sentimita 25, na kuishona. Misumari hapana: itatoboa mti pale unapoelemewa zaidi.