Kijiwe chetu kilivyomaliza dozi ya TB

Mimi ni bodaboda wa Mbagala na dozi yangu ya kifua kikuu niliimaliza yote, miezi sita. Nilipomaliza, nesi akaniomba niwashike wenzangu, kwa sababu wanaume wa vijiwe vyetu walikuwa wakianza dawa vizuri halafu wanapotelea njiani. Nikakubali, na hapo ndipo washauri wakanivamia.

Mmoja aliniambia niwatishe kwa picha za mapafu yaliyooza. Jamani! Huyo hajaona bodaboda anavyopita katikati ya malori mawili barabara ya Kilwa. Mtu huyo utamtisha na nini? Mwingine, msomi kabisa, akasema fungua grupu la WhatsApp, kila akimeza mtu aandike "nimemeza". Tukafungua. Saa kumi na mbili asubuhi "nimemeza" zinamiminika, na dole gumba juu. Siku moja ikaingia "nimemeza" ya jamaa niliyekuwa nimesimama nyuma yake sheli, na mkononi alikuwa na simu tu. Grupu nikalifuta hapo hapo, kabla sijaweka mafuta.

Kilichotuokoa ni mkojo. Vile vidonge vina rifampisini, na rifampisini inageuza mkojo kuwa kama Fanta. (Mtu mpya mwambie hilo mapema. Kuna wanaoacha dawa siku ya kwanza wakidhani wanakojoa damu.) Basi tuliokuwa tumekubali wenyewe kujulikana tukawekeana sheria: nyuma ya gereji kuna choo, ukiingia unaingia na kichupa, ukitoka mwenzako anakiangalia. Hakuna "nimemeza" tena. Lete rangi!

Akatokea mjanja. Kichupa chake kina rangi kila siku, lakini mimi nikakitilia shaka: ni njano inayong'aa, chungwa haimo. Nikakiinua juani, nikakiweka kando ya cha mwenzake, kijiwe kizima kikasogea kutazama. Kumbe bwana mkubwa anameza B komplex ya duka la dawa! Dawa za TB anapewa bure, yeye anatoa hela yake mfukoni kununua vitamini ili azikwepe. Tulicheka mpaka abiria wakauliza kuna nini.

Vicheko vilipoisha ndipo akasema ukweli, na hapa ndipo naona faida ya wenzako kuliko mabango yote. Nyayo zilikuwa zinamwaka moto usiku kwa sababu ya dawa hizo, akaona aibu kumwambia nesi, na mkewe ndiyo kabisa hakuthubutu. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Hata mimi ziliniwaka, twende." Akaenda, akapewa vitamini B6. Yaani vitamini alizihitaji kweli, ila si za kukwepea dawa.

Kingine ni muda. Kliniki ilikuwa ikituita asubuhi, saa ambazo abiria wanagombania pikipiki, na hesabu ya tajiri haisubiri. Nilimng'ang'ania nesi mpaka wetu wakawa wanahudumiwa mchana. Vidonge tunameza pamoja kijiweni alfajiri, tumbo tupu, chai na chapati baadaye. Chai naichangia mimi mara nyingi, elfu mbili tatu hivi, sihesabu. Bia sikuhubiri, niliwaambia tu ini lina kazi ya kutosha na hizi dawa.

Kipindi kigumu ni baada ya miezi miwili. Kikohozi kimekata, suruali zimeanza kubana, mtu anaona amepona. Hapo usimwache hata siku moja, maana dawa za kukatakata ndizo zinazozaa TB sugu, na hiyo haina mchezo. Sisi siku za kupima makohozi tunakwenda kwa msafara, pikipiki na honi.

Yule wa B komplex alimaliza, makohozi safi. Ukaguzi wa vichupa sasa ni wake, na hata mimi nikimwombea mtu msamaha hanisikilizi.