Siku moja kitaluni Dodoma, mimi na violeti zangu za pori

Watu wakisikia nauza maua wanadhani nashinda kivulini nanusa waridi. Haya twende, hii ni siku ya Julai, upepo wa Dodoma ule mnaoujua.

Saa 11 na nusu alfajiri nipo kitaluni. Kumwagilia, kufagia, kung'oa magugu kwenye viriba, saa 1 hiyo imeisha, hakuna cha kusimulia.

Saa 1 naingia chumba cha nyuma, na hapa ndo roho yangu ilipo. Kuna dirisha linaloangalia kusini, miezi hii jua linapita kaskazini kwa hiyo pana mwanga ila jua kali haligusi, na hapo ndo nafuga violeti za pori, yale maua madogo ya kwenye vyungu. Sijazitoa msituni jamani, msije mkaniripoti. Nilipewa majani na jamaa wa Muheza anayezipanda kwake, unachomeka jani na kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu, unasubiri wiki kadhaa, vitoto vinachomoza chini. Ninayo aina inaitwa groteyi, ya Usambara Mashariki, hiyo inatambaa, shina linarefuka mpaka linaning'inia nje ya kopo. Ninayo ya Shume, kadogo, majani kama shilingi na ua jeupe lenye ubluu wa mbali. Halafu nitida ya milima ya Nguru, majani ya kijani kiza yanameta utadhani nimeyapaka mafuta. Ya Uluguru, goetzeana, sijaithubutu kabisa, ile ni ya juu mlimani kwenye ubaridi na ukungu, Oktoba ya Dodoma itaiua mchana kweupe.

Kazi yenyewe ni vumbi. Majani mengi yana vinywele, vumbi likikaa halitoki, na ukiyamwagia maji ya baridi yanapata madoa ambayo hayafutiki, sasa inabidi nichukue brashi laini ya rangi nisugue jani moja moja kuanzia kwenye kikonyo kwenda nchani. Maji nawapa ya mvua niliyoyakinga tangu msimu ule, maana ya boza yana chumvi, utaiona imeganda nyeupe kwenye mdomo wa chungu, na kikonyo kikilalia pale kinaoza. Chini naweka sinia la kokoto zenye maji ili hewa iwe na unyevunyevu, kwao zinaota kwenye miamba yenye majimaji karibu na vijito, kivulini, huku sisi hata midomo inapasuka.

Saa 3 mpaka saa 5 wateja wa kawaida, ashoki, ukoka, bogonvilia, wengi wanajenga huko Mtumba na Iyumbu wanataka kivuli cha mwaka kesho.

Boza waliniahidi saa 4. Saa 5 napiga, "tupo njiani bosi". Saa 6, "tupo hapo tu". Simtanki imebaki matope na jua limeshapanda, na muda huohuo ndo akashuka mama mmoja kwenye gari, kapita kote, kashika kila kitu, kauliza bei ya kila kitu, mwisho kachungulia chumba cha nyuma.

"Kijana, hivi ni vile vya Ulaya? Mbona vyako vidogo? Mimi nataka yale ya pinki, maua yamejaa."

Nikamwambia mama, yale ya pinki yamezalishwa na watu, lakini damu yake ni hii hii. Mjerumani mmoja mkuu wa wilaya pale Tanga, Saint Paul-Illaire, alizikuta 1892 akampelekea baba yake Ujerumani, 1893 mtaalamu wa mimea Wendland akaziandika kwa jina la Saintpaulia, miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kikachagua aina kumi kutokana na mbegu za Ujerumani na Uingereza, dunia nzima ikaanza kuziweka dirishani. Za pori zina petali tano tu, nyingi rangi ya zambarau au bluu, na vifuko viwili vya chavua vya njano katikati. Hata jina wataalamu wameshalibadilisha, siku hizi wanazihesabu ndani ya kundi la Streptocarpus. Kanisikiliza vizuri kabisa, mpaka nikajisikia mwalimu.

"Kumbe ya Tanga! Basi niuzie bei ya Tanga."

Tumebishana pale mimi na yeye jua linatuchoma, yeye anashusha buku buku, mimi naangalia barabarani kama boza linakuja, dereva wake anapiga honi, mwisho nikamwachia groteyi moja yenye maua kwa bei ambayo sitaitaja maana najisikia aibu. Nikamsisitizia: asiiweke juani, amwagilie udongo siyo majani, na maua ya pori yakichoka yanadondoka mazima, asishtuke.

Boza lilifika mchana umeshakwisha, bei imepanda njiani, mpira wao unavuja, nikabeba kwa ndoo mpaka miche ya mwisho. Chakula cha mchana nimekila sijui saa ngapi, wali umeshakuwa mgumu.

Jioni nafunga turubai, mgongo hauna habari na mimi, simu inalia. Ni yule mama, voisi ndefu: maua yote yamedondoka ndani ya gari, nimemuuzia ua bovu, nirudishe hela. Nikamjibu, mama angu, funua majani ya katikati taratibu, angalia chini yake. Kimya. Nimeshafika nyumbani ndo akaandika: "Vipo vingine vinachipua. Na ile yenye kumeta bei gani?"

Ile siuzi.