Mpaka Chombo cha Mbwa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Ijumaa iliyopita niliahidi kuandika juu ya subira. Mnisamehe, itangoja, maana kuna swali limenikaa kooni tangu jana. Tulikuwa kwenye hitima, kisomo cha kuwaombea maiti, huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kina mama tumejaa ukumbini tunagawana juzuu, na msomaji akauliza, kama ilivyo ada, majina ya maiti wa kuombewa. Mama mmoja akamtaja mpwa wake, askari aliyekwenda El Adde, kambi ya jeshi letu huko Somalia, asirudi. Hapo bibi mmoja wa Kibajuni, mzaliwa wa Chula, kisiwa cha upande wa Somalia, aliyeletwa Kizingitini kuolewa, akasema taratibu: "Na wa kule, ni nani awahisabuo?"

Hakuna aliyemjibu. Tukafungua juzuu, tukasoma.

Wengine mnaosoma mko mbali na Lamu, kwa hivyo nirudi nyuma kidogo. Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia kwenye hoteli kule Kiwayu, wakamuua mgeni Muingereza na kumchukua mkewe. Haukupita mwezi, mwanamke wa Kifaransa, mlemavu, akabebwa usiku kutoka Manda, ng'ambo ya maji tunayoyatazama kila siku, naye akafia mikononi mwa waliomteka. Oktoba ile majeshi ya Kenya yakavuka mpaka kuingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, na operesheni ikapewa jina la Linda Nchi. Kati ya sababu zilizotajwa, moja ilikuwa ni sisi, yaani yaliyotokea Lamu. Mwaka uliofuata, mwisho wa Septemba, Kismayu ikatwaliwa.

Kismayu, ambayo wazee wetu huitamka Kisima-yuu, kisima cha juu. Hadi mwaka 1925 mji ule ulikuwa ndani ya koloni la Kenya, kisha Waingereza wakawapa Waitaliano Jubaland yote, tunzo ya kuwa upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ulisogezwa kwa kalamu, lakini wanaoozana hawakuuona. Redio ilipotangaza habari za adui wa ng'ambo, kuna nyumba Faza na Kiunga ambamo watu waliwaza shangazi zao.

Niseme wazi kabla sijaeleweka vibaya. Waliochinja watu zaidi ya 60 Mpeketoni na vijiji vya jirani Juni 2014, wakiwabagua kwa dini, hawana wakili hapa. Na tulilipa sote: ikaja kafyu, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku kwa miaka, na mwenye kujua uvuvi anajua samaki gani hungoja giza. Jirani yangu aliuza mashua. Hayo tunayakumbuka vizuri, tena kwa senti.

Lakini bibi hakuuliza habari zetu.

Tarehe 30 Oktoba 2011, wiki mbili tu baada ya majeshi kuvuka, ndege za Kenya zilipiga Jilib, mji wa kusini mwa Somalia. Jeshi likasema limeua wapiganaji. Madaktari Wasio na Mipaka, waliopokea majeruhi kutoka kambi ya watu waliokimbia makwao, wakahesabu watano waliokufa na 45 waliojeruhiwa, wengi wao watoto. Hesabu mbili, na ile ya pili hapa kwetu haikuzungumzwa sana. Hata wetu wenyewe hatukuhesabiwa vilivyo. Kambi ya El Adde ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na serikali haikutoa idadi kamili ya askari waliokufa. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja karibu 200. Wakubwa wa jeshi wakakana, wakaishia kukana. Taifa lisilotaja hesabu ya watoto wake waliokufa vitani litamhesabu vipi mtoto wa Jilib?

Nilipofika nyumbani nikakumbuka kisa cha Banu Jadhima. Husomwa kwenye sira, ila mara nyingi hupitwa haraka, labda kwa sababu kina jina la sahaba mkubwa ndani yake.

Ilikuwa mwaka wa nane wa Hijra, baada ya Fat'hu Makka, yaani kufunguliwa kwa Makka. Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima kuwaita kwenye Uislamu. Wale watu hawakujua kusema vizuri "tumesilimu". Wakasema "saba'na, saba'na", tumeacha dini yetu. Khalid hakuipokea kauli hiyo. Akaua, akateka, kisha akaamuru kila mtu amuue mateka wake. Abdullah bin Umar, aliyekuwa katika jeshi lile lile, alikataa, na akasema hata wenzake hawatawaua mateka wao. Habari zilipomfikia Mtume aliinua mikono yake akasema: Ewe Mola, mimi najitenga mbele Yako na alilolitenda Khalid. Akasema mara mbili.

Angeweza kuishia hapo. Viongozi wa leo, wakifika hapo, hupigiwa makofi. Yeye akamtuma Sayyidna Ali na mali. Ali akaenda, akakaa na wafiwa, akalipa diya ya kila damu na fidia ya kila kilichoharibika, mpaka chombo cha mbao cha kunywea mbwa. Hebu fikirieni mtu mzima amekaa chini, na mjane anamwambia: na chombo cha mbwa wetu kilivunjika. Naye anauliza, kilikuwa cha thamani gani? Alipomaliza aliwauliza kama kimebaki chochote, wakasema hakuna. Mali ikawa imebaki. Akawaachia yote, akasema ni kwa tahadhari, kwa yale tusiyoyajua sisi na msiyoyajua nyinyi. Aliporudi Mtume akamwambia amefanya vyema.

Na Khalid? Hakuvuliwa uamirijeshi, alitumwa tena baadaye. Nalitaja hili kwa sababu najua jibu nitakalopewa barazani: ukiuliza habari za Jilib unawadhalilisha vijana wetu. Mtume alikikataa kitendo na mtu akabaki wake. Vijana wetu ni wetu, na yule mama wa hitima hana haja ya mimi kumkumbusha hilo. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tunaamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jeshi ni jamaa.

Wengine watasema vita havijaisha, askari wetu bado wako kule, hesabu hufanywa mwisho. Hayo ndiyo waliyoyafanya Waholanzi (wala siwapigii mfano wa ucha Mungu). Wiki ile ile ya tukio la Kiwayu, Septemba 2011, mahakama ya The Hague iliamua kwamba dola yao inawajibika kwa wajane wa Rawagede, kijiji cha Java, Indonesia, ambako askari wa Uholanzi waliwapiga risasi wanaume Desemba 1947, katika vita vya Waindonesia kupigania uhuru. Serikali ilijitetea kwamba muda umepita. Majaji wakakataa, kila mjane akalipwa euro 20,000, na balozi akaenda kijijini kuomba radhi. Hadi 2022 ndipo Waziri Mkuu Mark Rutte alipoomba radhi kwa ukatili wa vita vile kwa jumla. Walioolewa wakiwa wasichana walipokea fidia wakiwa vikongwe, na wengi hawakuipokea. Ali alikwenda kwa Banu Jadhima majivu hayajapoa.

Sina la kuiambia serikali ambalo litaifikia kutoka Langoni. Lakini jana, baada ya dua, watu wakigawana mahamri, nilihamia mkeka wa yule bibi nikamuomba anitajie watu wake wa kule. Akataja saba, mmoja mmoja, pamoja na majina ya mama zao. Nikayaandika kwenye daftari la hitima, chini ya jina la yule askari, na yule mama aliyemtaja akiangalia. Alipofika wa nane akasita. Huyo, alisema, hajui kama alikufa au yu hai.

Nikamwandika naye.