Askari wa Washington katika vitabu vya mahakama ya Virginia

Mwaka 2018 mama mkwe wangu, mzaliwa wa Virginia aliyehamia Maryland, alinikabidhi bahasha ya vyeti na picha za zamani akaniomba nimtafutie mzee mmoja wa ukoo wao. Kwao ilisimuliwa miaka yote kwamba babu huyo alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa huru, na kwamba alipigana katika jeshi la George Washington wakati wa Vita vya Uhuru wa Marekani. Jina lake walikuwa nalo, na kaunti yake pia, upande wa kusini wa Mto James. Yaliyobaki yalikuwa ya kusikia. Watoto wangu ni wa damu hiyo, na kazi ya nyaraka naijua, kwa hiyo niliishika kwa moyo wote. Majina ya watu na ya kaunti siyataji hapa kwa heshima ya familia.

“Mama,” nilimwambia, “hatuanzi na askari. Tunaanza na wewe.”

Hilo ndilo sharti la kwanza, na ndilo linalovunjwa zaidi. Mtu anaona jina la ukoo wake kwenye orodha ya wanajeshi wa 1778, analirukia, kisha anashuka nalo hadi kwa bibi yake kwa kukisia. Majina yale yalijirudia mno. Ukishamshika mtu asiye wako, kila karatasi utakayoipata baadaye itakupeleka mbali zaidi na ukweli. Njia salama ni kupanda kizazi kimoja kimoja, na kila unapopanda uwe na andiko linalomtaja mtoto na mzazi wake pamoja.

Vizazi vya karibu havikutusumbua. Virginia ilisajili vizazi na vifo kuanzia 1853 hadi 1896, ikaacha, ikaanza tena katikati ya 1912. Babu mmoja wa ukoo alifariki 1914, na cheti chake cha kifo kikamtaja baba yake. Cheti cha kifo ni ushahidi wa aliyebaki hai: mtoa habari huenda hakuwahi kumwona babu anayemtaja. Kwa hiyo tulikipeleka kwenye sensa kukipima.

Sensa ya Marekani hufanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, lakini haikuwa na maswali yaleyale kila mara. Kuanzia 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Uhusiano wa watu wa nyumba moja haukuandikwa hadi 1880. Kwa maana hiyo, ukimkuta mtoto wa miaka 12 katika nyumba ya 1850 huna haki bado ya kumwita mwana wa mwenye nyumba; anaweza kuwa mpwa, au kijana aliyefungwa kwa mkataba wa kazi. Familia nyingi za Wamarekani weusi hugonga ukuta kwenye 1870, kwa sababu sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu. Sisi tulimkuta yule mtoto wa miaka 12 mwaka 1850, kwa jina lake, ndani ya nyumba ya mtu wa miaka 44. Kuwemo kwao katika orodha hiyo kulitosha kuonyesha kwamba walikuwa huru kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Umri wa mwenye nyumba huyo ulikuwa 44 mwaka 1850, 50 mwaka 1860 na 66 mwaka 1870. Mtu hazeeki miaka 6 katika 10, wala 16 katika 10. Aliyejibu karani wa sensa huenda alikuwa mke, mtoto au hata jirani. Niliuandika umri wa kila sensa kama ulivyo, bila kuusawazisha, nikatafuta andiko la aina nyingine litakaloamua.

Nyuma ya 1850 sensa inakuwa finyu. Anatajwa mkuu wa nyumba pekee. Wengine ni vijistari katika safu za umri. Mwaka 1820 watu weusi huru waligawanywa katika makundi manne: chini ya 14, 14 hadi 26, 26 hadi 45, na 45 kwenda juu. Mwaka 1830 mipaka ilibadilishwa kuwa 10, 24, 36, 55 na 100. Ukilinganisha sensa mbili hizo bila kuchora mipaka yake kando utaona watoto wakipotea na wazee wakizaliwa. Ya 1790 ya Virginia imepotea yote, na ya 1800 karibu yote. Ndiyo sababu anayetafuta mtu wa Virginia hushikilia orodha za kodi ya mali, zinazoanza 1782 na kuandikwa kila mwaka, isipokuwa 1808 ambapo hazikuchukuliwa.

Kwa hizo, na kwa vitabu vya mahakama, tulifunga safari ya Richmond, kwenye Maktaba ya Virginia iliyoko Broad Street. Kaunti yetu ilikuwa na bahati. Kaunti kadhaa za jirani zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, vikateketea katika moto wa Aprili 1865. Kabla ya kupanga safari, hilo ndilo la kuulizia: vitabu gani vya kaunti hiyo viliokoka, na vya miaka ipi. Ikiwa vimeungua, kazi inahamia kwenye kodi, ambazo nakala yake ilipelekwa serikalini, na kwenye kaunti za mipakani.

Katika orodha za kodi tulikumbana na tatizo tulilolitarajia: wanaume wawili wenye jina lilelile. Makarani walimwandika mmoja “mkubwa” na mwingine “mdogo”, na watu wengi husoma hapo baba na mwana. Katika maandishi ya karne ya 18 alama hizo zilitenganisha tu mwenye umri zaidi na mwenye umri pungufu katika eneo moja. Wanaweza hata wasiwe ndugu. Aliyeitwa mdogo anakuwa mkubwa siku mwenzake anapokufa au kuhama.

Dawa yake ni subira. Nilichora jedwali: mwaka, tarehe ambayo mkusanya kodi alipita, idadi ya farasi, ardhi ya nani aliishi, na waliotozwa siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa na ardhi yake kando ya kijito, aliuza kipande na kutia saini kwa mkono wake. Mwingine hakuwahi kuwa na ardhi, na kila alipohitajika kusaini aliweka alama ya msalaba. Orodha maalumu za watu weusi huru, zilizoamriwa na sheria ya 1801, ziliongeza makazi na kazi ya kila mtu. Mwenye ardhi alikuwa fundi viatu. Asiye na ardhi alikuwa mkulima, na pembeni yake ameandikwa mkewe kwa jina. Hapo wawili wale waliachana, na kuanzia hapo nilikuwa na jina la mke la kuongozana nalo.

Jalada la pensheni tulilisoma tukiwa tayari tunajua ni la nani. Majalada ya pensheni za Vita vya Uhuru yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, takriban 80,000, na picha zake zinapatikana kwenye intaneti. Herufi iliyo mbele ya namba inaeleza mengi: S ni askari aliyepewa mwenyewe, W ni mjane, R ni ombi lililokataliwa. La R lisipuuzwe, kwani mara nyingi ndilo nene kuliko yote, maana mwombaji aliyekataliwa alirudi na mashahidi zaidi. La kwetu lilikuwa W, na ndani yake yamo ya mume na ya mke pamoja.

Sheria ya 1818 ilimpa askari wa kawaida dola 8 kwa mwezi ikiwa alitumikia jeshi la bara, yaani lile la Washington, kwa miezi 9 au zaidi na alikuwa mhitaji. Maombi yalifurika. Mwaka 1820 Bunge likamtaka kila mzee arudi mbele ya mahakama na orodha ya mali yake yote, na kuapa kwamba tangu tarehe 18 Machi 1818 hajamgawia mtu kitu ili aonekane maskini. Sheria hiyo ilikuwa kali kwa wazee, lakini imetuachia hazina, maana pamoja na ng'ombe, chungu cha chuma na shoka, mzee alitakiwa kueleza anaishi na nani na nani ana nguvu za kufanya kazi. Babu alitaja umri wake, 64, akamtaja mkewe kwa jina lilelile la orodha ya kodi, kisha mtoto mmoja mmoja. Mmoja wao ni mvulana wa miaka 14. Aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1820 anakuwa na 44 mwaka 1850. Sensa ya mwaka huohuo wa 1820 ilimhesabu kijana huyu kwa kijistari kimoja. Jalada lilimpa jina na baba.

Bado sikutosheka na andiko moja. Kiapo cha namna ile kilitolewa mbele ya mahakama inayotunza kumbukumbu, kwa hiyo lazima kiwe kimegusa kitabu cha amri za mahakama ya kaunti. Mahakama hizo ziliketi kila mwezi kwa siku maalumu. Niliichukua tarehe ya kiapo, nikafungua mikrofilamu ya kitabu cha 1820, nikasoma siku nzima ya kikao badala ya kutegemea faharasa, kwa sababu faharasa za vitabu hivyo huwataja wadai na wadaiwa na kuwaacha wengine wote. Alikuwemo. Mahakama ilithaminisha mali yake na kuamuru ithibitishwe.

Kitabu hichohicho, miaka tisa mbele, kilimtaja mwana. Tangu 1793 watu weusi huru wa Virginia walilazimika kujisajili kwa karani wa mahakama, na waliokaa kaunti walihuisha cheti kila miaka mitatu. Lilikuwa jambo la kudhalilisha, kwani mtu huru alipimwa urefu na kukaguliwa makovu ili aruhusiwe kuitwa huru katika nchi ambayo baba yake aliipigania. Maandishi yake yalisema ana miaka 23, ana kovu juu ya nyusi, amezaliwa huru katika kaunti hiyo, mwana wa fulani na fulani. Mama mkwe alisoma mstari wa kovu mara kadhaa. Picha ya mtu huyo hakuna, na karani aliyemkagua ndiye pekee aliyetueleza sura yake.

Upande wa jeshi ulihitaji uangalifu wa namna nyingine. Kumbukumbu za utumishi zilizo kwenye kadi ni nakala: makarani wa Wizara ya Vita walizinakili kutoka orodha za awali zaidi ya karne moja baadaye, na pale mwandiko ulipowashinda walikisia. Kadi moja ilimweka babu katika Rejimenti ya 14 ya Virginia, nyingine ya mwaka uliofuata ikamweka katika ya 10. Anayeharakisha atasema ni watu wawili. Mwezi Septemba 1778 rejimenti za Virginia zilipangwa upya, na ya 14 ikapewa namba 10. Nahodha wake ni yuleyule kwenye kadi zote mbili, na mishahara inafuatana mwezi kwa mwezi, dola 6 na theluthi mbili. Tulifungua picha za orodha za awali kuhakikisha. Ile ya Juni 1778, mwezi wa mapigano ya Monmouth, ilimwandika yupo kazini.

Mtu anaweza kuuliza mtu mweusi aliingiaje. Sheria ya Virginia ya 1777 ilikataza kumwandikisha mtu mweusi au chotara hadi alete cheti cha hakimu wa amani kwamba yu huru. Hesabu iliyofanywa katika jeshi la Washington tarehe 24 Agosti 1778 ilitaja askari weusi 755. Cheti cha babu hatukukipata. Vyeti hivyo vilikuwa karatasi za mkononi, na chake hakikunakiliwa katika kitabu cha kaunti.

Ombi la mjane lilikuja chini ya sheria ya 1838, iliyowafaa wajane walioolewa kabla ya Januari 1794. Ilimpasa kuthibitisha ndoa. Jaladani mna nakala ya dhamana ya ndoa ya pauni 50. Dhamana ni ahadi kwamba hakuna kizuizi cha ndoa; haithibitishi kuwa ndoa ilifungwa. Ofisi ya pensheni ililijua hilo, ikadai taarifa ya mchungaji, na karani wa kaunti akainakili. Aliyesimama mdhamini alikuwa na jina la ukoo la bibi harusi. Mara nyingi mdhamini ni baba au kaka wa bibi harusi, ila tumemwandika kama mdhamini tu hadi ushahidi upatikane.

Kwa kuwa tulikuwa na umri wa babu na kaunti aliyosema amezaliwa, niliamua kupitia vitabu vya amri vya miaka ya 1760. Watoto wa maskini walifungwa kwa mkataba wa kazi kwa amri ya mahakama, chini ya wasimamizi wa kanisa la parokia, na hasa watoto wa wanawake huru weusi. Hata mtoto ambaye mama yake yu hai aliitwa yatima ikiwa baba amekufa, kwa hiyo neno hilo lisikufanye umzike mama mapema. Kikao kimoja cha 1764 kiliwaamuru wasimamizi wamfunge kijana mwenye jina la babu, mwana wa mwanamke huru aliyetajwa kwa jina lake kamili, ajifunze kilimo. Miaka inaafiki: aliyekuwa na 64 mwaka 1820 alikuwa na 8 wakati ule. Jina la baba halipo, na kwa sheria ya Virginia ya 1662 halikuhitajika, kwani mtoto alifuata hali ya mama.

Nilimwonyesha mama mkwe mstari huo kwenye mashine. “Basi yeye ndiye aliyetuzaa huru,” alisema, akaniomba nimchapishie ukurasa wote, si mstari peke yake. Nikamwambia kwamba kwa askari tuna maandiko manne yanayokubaliana, na kwa mwanamke huyu tunalo moja, kwa hiyo katika mti wa ukoo nitamwandika kwa alama ya “inaelekea”. Alikubali. Jina lenyewe tukalitafuta tena katika orodha za watozwa kodi za kabla ya 1769, kwa sababu hadi mwaka huo wanawake huru weusi walitozwa kama wanaume, na aliyetozwa aliandikwa.