Siku Mjomba Alipolipa Kiingilio Kuona Kipepeo

Mwaka 2018, mwezi wa saba, mjomba alishuka kutoka Amani kuja kutibiwa jicho. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na tarehe ya kupasuliwa ikawa inasogezwa mbele kila tukienda. Basi akawa anashinda kwetu Tandika, barazani, juu ya kigoda, mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukata majani. Ilipofika Jumamosi ya pili nikaona huyu mzee atakufa kwa kukaa.

Wazo lilitoka kwa binti yangu, wakati huo ana miaka saba. Mwenzake wa shuleni alikuwa amepelekwa kwenye bustani moja ndogo ya wanyama upande wa Kigamboni, akarudi na hadithi za chatu na nyumba ya vipepeo. Mjomba aliposikia hilo la mwisho akageuka mwili mzima.

"Nyumba ya vipepeo? Hapa hapa Dar?"

Hapa nieleze kidogo. Mjomba alikuwa mfugaji wa vipepeo. Nikiwaambia hivyo watu wa mjini hucheka, lakini kule Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kwenye vijiji vinavyopakana na msitu wa Amani, hiyo ilikuwa kazi ya watu wazima tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Unatega jike msituni, unamweka kwenye kibanda cha wavu pamoja na mti anaoupenda kutagia. Si mti wowote. Kila aina ina wake, na ukikosea hatagi hata yai moja. Mayai yakianguliwa unalisha viwavi, na kiwavi hana saa ya chakula, anakula tu, huku wewe unapigana na sisimizi: miguu ya meza unaisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu. Kiwavi akishageuka pupa, yaani kile kifuko anamojifungia mpaka atoke kipepeo, hapo ndipo penye fedha. Lakini pupa haisubiri. Siku kumi, wiki mbili, kipepeo huyo katoka. Kwa hiyo boksi linapaswa liwe limeshafika Ulaya au Marekani kabla hawajaanza kupasukia njiani. Huko wana majumba ya vioo yaliyopashwa joto, na watu hulipa kuingia kutazama vipepeo wa kwetu wakiruka katikati ya baridi yao.

Mjomba aliezeka bati kwa vipepeo na kusomesha watoto wawili. Mwaka 2016 Serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo. "Watu walipandisha twiga kwenye ndege," alikuwa akisema, akikusudia wale waliotoroshwa kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwaka 2010, "sisi tukanyang'anywa viwavi." Vibanda vyake vikageuka vya kuku. Na katika miaka yote ile ya kupakia maboksi, nyumba ya vipepeo yenyewe hakuwahi kuiona hata mlango.

Kutoka Tandika njia rahisi ni kupita darajani, ila mjomba alitaka pantoni, kwa hiyo tukaenda mpaka Feri, tukalipa mia mbili mbili, tukasimama na wenye ndoo za samaki. Upande wa pili tukachukua bajaji. Kulikuwa na wingu na upepo wa kusi, nami nilikuwa nimesahau sweta la mtoto.

Dirishani mjomba aliisogeza tiketi karibu na jicho lake zima, akaisoma kama risiti ya benki, kisha akainama: "Samahani binti, kwa siku wanaingia watu wangapi?" Yule dada akanitazama mimi. Nadhani alidhani kapata mtu wa TRA.

Wanyama tuliwapita upesi. Simba alikuwa amelala, kama simba wote niliowahi kuwalipia. Nyani walimnyang'anya mtoto mmoja pakiti ya bisi kupitia waya, jambo lililofurahisha watu wengi kuliko lilivyostahili. Kijana wa kututembeza, aliyevaa kaki na buti za mvua, alikuwa na maneno yake ya kukariri kwa kila kizimba. Kwenye chatu alituambia anaweza kukaa miezi bila kula, na binti yangu akauliza, "Basi mbona nyinyi mnamlisha?" Nilimbana bega.

Nyumba ya vipepeo ilikuwa mwisho kabisa, karibu na vyoo: fremu ya mbao na wavu mweusi, milango miwili ya kufuatana ili wasitoroke, ndani maua ya kila rangi na sahani za ndizi zilizoiva mpaka zimeanza kuchacha. Kipepeo hata mmoja hakuruka. Kijana akaanza kupigapiga majani kwa fimbo ili wageni waone kitu.

"Waache, baba," mjomba akamwambia, taratibu tu. "Wanasubiri jua. Kipepeo hana moto wake mwenyewe."

Kijana akashusha fimbo. Tukakaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu muda wa bajaji ya kurudi, lakini mjomba alikuwa ameweka mikono magotini kama mtu aliyefika msikitini mapema. Zilipita kama dakika ishirini, wingu likapasuka, na wale tuliodhani ni majani makavu wakaanza kufungua mabawa mmoja mmoja.

Kijana akachangamka. Akatuonyesha wawili wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe, akasema ni mke na mume. Mjomba akacheka kwa pua.

"Hebu tazama bawa la nyuma. Huyu ana madoa meusi matatu. Huyu?"

Tukasogea. Lilikuwa moja, pale ukingoni.

"Huyu wa matatu ni mchungu. Utotoni alikula majani yenye utomvu mweupe, ndege akimdonoa anatapika. Mwenzake si mchungu hata kidogo, kavaa nguo zake tu ili ndege wamwogope. Tena huyo mwigaji ni jike. Dume lake ni jeusi, na mabaka meupe." Akanyoosha kidole kwenye kona ya wavu. "Yule pale."

Na kweli alikuwepo, mweusi, mabaka yake yamezungushiwa zambarau iliyokuwa inawaka kila alipogeuka. Mtu mwenye jicho moja la kazi alikuwa amemwona tangu tulipoingia. Kijana akatoa simu akaanza kuandika, jambo lililonifanya nimpende ghafla.

Mjomba lakini hakuwa ameridhika. Alizunguka ile nyumba mara mbili, akipindua majani na kuchungulia chini yake. "Mayai hamna," akasema. "Mmewawekea baa, hamkuwawekea wodi ya wazazi." Maua yote yalikuwa ya kunywa, mti wa kutagia haukuwemo hata mmoja. Kijana akakiri: wakifa, wanakamata wengine porini.

Kwenye ubao wa pupa zilikuwa zimening'inia nne. Moja ilipasuka mbele yetu. Kikatoka kitu kilichokunjamana, kimelowa, kama leso iliyosahaulika mfukoni wakati wa kufua. Kikajivuta mpaka kikaning'inia, mabawa yakaanza kujaa polepole. Kisha likadondoka tone jekundu.

"Babu, anatoka damu!"

"Si damu. Ni uchafu wa safari, alikuwa hajapata choo tangu aingie mle."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu mno na lile bawa, kimya, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, hivi na kule Ulaya nao wanawapiga kwa fimbo?" Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa.

Tulipotoka nikaenda msalani. Niliporudi niliwakuta wote watatu, mjomba, mtoto na kijana, wamepiga magoti chini ya mlimao uliokuwa nyuma ya vyoo. Mtunza bustani alikuwa amesimama pembeni na bomba la dawa mgongoni, amechukia, maana mdudu alikuwa anamaliza majani yake. Mdudu huyo ukimtazama haraka ni kinyesi cha ndege: kahawia na baka jeupe, ametulia juu ya jani. Wakubwa wao walikuwa wa kijani. Mjomba akamgusa mmoja, naye akatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali ikatupiga puani.

"Hawa ndio wale wakubwa wa manjano na nyeusi mnaowakimbiza na fimbo humo ndani," akamwambia kijana. "Mnawakamata porini, kumbe wanazaliwa chooni kwenu, na mnawanyunyizia sumu." Mtunza bustani akatua bomba. Wakaanza kubishana watatu hao namna ya kupanda mlimao ndani ya wavu, na mimi nikajua hatutapanda pantoni la saa kumi.

Tuliondoka na viwavi watatu wa kijani kwenye kopo la aiskrimu, pamoja na majani. Kwetu hakuna mlimao. Kwa siku tano nilikuwa naomba majani kwa mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye hadi leo anaamini nilikuwa na mgonjwa. Mmoja alikufa. Mmoja alitoboka, wakatoka nyigu wadogo. Wa tatu akapanda ukutani nyuma ya friji, akajifunga uzi kiunoni kama fundi wa TANESCO juu ya nguzo, akawa pupa.

Mjomba alikuwa ameshapasuliwa na kurudi Amani kipepeo alipotoka. Ilikuwa saa moja asubuhi, mtoto yuko nusu ya sare. Tukapiga simu.

"Jike au dume?" akauliza, kabla hata ya salamu.

Hatukujua kutofautisha.

"Basi mfungulieni dirisha."

Madirisha yetu yana nondo na nyavu za mbu zilizopigiliwa misumari pande zote nne. Tukampandisha kwenye mti wa fagio, tukampitisha sebuleni polepole, mtoto mbele akifungua milango, tukamtolea barazani.