Siku tulipopanda kilima kwa mashua

Nimerudi Moshi, na kila anayenisalimia anangoja habari za London. Mimi nawasimulia maji.

Mkwe wangu alikodi mashua nyembamba, upana mita 2 na kidogo, urefu kama basi moja na nusu. Ndani kuna jiko, vitanda, hata choo. Unaiongoza ukiwa umesimama nyuma: ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mpini kulia. Niligonga ukingo mara tatu siku ya kwanza. Mwendo haupaswi kuzidi kilomita 6 hivi kwa saa. Bibi mmoja na mbwa wake walitupita kwa miguu, akatupungia.

Mfereji wa Kennet and Avon, kusini mwa Uingereza, ulikamilika mwaka 1810, enzi farasi wakivuta mashua za mizigo huku wakitembea ukingoni. Ila pale mji wa Devizes, jamani! Mlima Caen Hill una vyumba vya maji 29, mfereji unapanda mita 72 ndani ya kilomita 3 hivi. Unaingia chumbani, unafunga lango kwa kusukuma boriti kwa mgongo, unazungusha mkono wa chuma kufungulia maji, mashua inanyanyuka taratibu. Halafu kingine. Saa tano nzima, na mvua.

Nikamkumbuka babu kule Kibosho na zamu yake ya mfongo, mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba: alfajiri, jembe begani, anaziba huku kwa magome ya migomba, anafungua kule. Ila maji ya babu yalijua kushuka tu.

“Mama, kamba!” mkwe akapiga kelele. Ilishazama.